Nimeachana na boti ya kutembelea, nimechukua ya kuvulia

Kila ninayekutana nae pale Kunduchi ananiuliza ile boti nyeupe ya viti iko wapi, nikimwonyesha hii ninayoiendesha sasa anaitazama kuanzia omo (mbele) mpaka tezi (nyuma) alafu ananigeukia, sasa hapa watu mnakaa wapi? Jibu langu fupi, hatukai. Tunasimama. Na kiukweli baada ya kulifikiria hili jambo kwa muda mrefu nimeona tofauti yote kati ya boti ya kutembelea na boti ya kuvulia inaanzia hapo. Moja imechorwa na mtu aliyekuwa anawaza abiria atakaa wapi, nyingine imechorwa na mtu aliyekuwa anawaza mvuvi ataweka wapi miguu yake wakati samaki anavuta kushoto na wimbi linakuja kutoka kulia. Mengine yote, mashine, mafuta, bei, rangi, yanafuata baadae.

Ile ya zamani ilikuwa boti nzuri, naisema kwa heshima zote maana watoto wangu wamekulia humo. Faiba, futi 19, iliingia nchini ikiwa yuzdi kutoka Dubai, viti vya kushonewa mbele na nyuma, kioo mbele ya nahodha, turubai la kukunja, redio, ngazi ya kupandia waogeleaji, na mashine ya HP 115 ya stroki nne iliyokuwa inaunguruma taratibu mpaka unaweza kuongea na mtu bila kupaza sauti. Jumapili asubuhi tunapakia soda na chapati za mama watoto, tunatoka zetu kisiwa cha Mbudya, unalipa kiingilio, unatafuta banda la makuti, watoto wanaingia majini mpaka vidole vinakunjamana, mchana mnaagiza samaki wa kukaanga na chipsi, alafu mnarudi upepo haujakaza. Kwa kazi hiyo sijaona boti iliyoizidi na jamaa aliyeichukua anaifanyisha kazi hiyohiyo mpaka leo.

Sasa kuna kitu watu wengi wa Dar tunakijua juujuu tu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na huku kusini visiwa vya Sinda, Makatumbe na Kendwa vikaja kuongezwa 2007. Ndani ya maeneo tengefu huvui. Unaogelea, unatazama matumbawe, unalipa kiingilio chako unaondoka. Na mimi naunga mkono kabisa, kwa sababu samaki wanaokulia kwenye matumbawe ya pale ndio wanaotoka kwenda kujaza maeneo mengine, na pwani hii imeumizwa sana na baruti miaka ya nyuma, mtu yeyote aliyewahi kupiga mbizi kwenye mwamba uliolipuliwa anajua ninachosema, ni kifusi cheupe hakuna hata kidagaa. Lakini ukikaa ukaitazama ramani utaona jambo, yale maji yaliyotulia nyuma ya visiwa, yale ambayo boti ya viti inayapenda, karibu yote ni maji ambayo ukitupa mshipi unavunja sheria. Samaki wa kuvuliwa yuko nje. Nje ya visiwa, nje ya mwamba, kule ambako maji yanabadilika rangi yanakuwa bluu ya kiza na upepo hauna kitu cha kuuzuia.

Na mimi nilikuwa nataka huko nje. Nimezaliwa Bagamoyo, mjomba wangu alikuwa na ngalawa iliyochongwa kwenye mwembe, yani hivi navyoandika naweza kukuchorea ile mitengo yake, zile mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, na lile tanga lenye viraka, na alikuwa akitoka alfajiri na upepo wa nchi kavu akiwa anarambaza, yani anaburuta mshipi nyuma chombo kikitembea, akirudi ana nguru wawili watatu wamelazwa juu ya majani mabichi. Nguru wa aina ile, aliyekufa asubuhi na adhuhuri yuko kwenye nazi, ukishamla ukiwa mtoto huwezi tena kuzoea ule mgando wa kwenye friza za supamaketi. Nilitaka watoto wangu wamjue. Nilitaka pia wajue kutupa mshipi, kusoma maji, kujua bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo) bila kutazama simu.

Basi tukaanza kutoka na boti ya viti kwenda kuvua. Na hapo ndio boti ikaanza kusema yenyewe kwamba kazi hii si yake.

Nianze na tezi. Ukitaka kuvua kwa mshipi wa chini lazima usimamishe boti uiache ielee, na boti yenye mashine nzito nyuma na mwili mwepesi mbele ikiachwa peke yake upepo unaisukuma omo, kwahiyo inageuka inautazama upepo kwa mgongo. Yaani mawimbi yanakuja kwenye tezi. Na tezi ya boti ile imekatwa chini makusudi ili waogeleaji wapande kwa urahisi. Unaona tatizo? Sehemu ya chini kuliko zote ndio inayotazamana na bahari. Maji yanaingia, yanapita chini ya viti, yanalowanisha sponji, sponji inakunywa maji inakuwa nzito, na boti ikiwa nzito nyuma inakaa chini zaidi, maji zaidi yanaingia. Wazee wanasema tezi na omo marejeo ni ngamani, yani chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, na kwenye boti hiyo hiyo methali unaiona kwa macho, kila kitu kinateremkia ngamani, maji ya chumvi, damu ya samaki, vipande vya chambo, na kwa sababu sakafu imefunikwa na viti na makabati huwezi kufika kuosha mpaka ufungue skrubu.

Alafu ukingo. Ule ukingo wa pembeni kwenye boti ya kutembelea unaishia chini ya goti ukiwa umesimama, kwa sababu aliyeichora hakutarajia usimame. Mtu akisimama akavuta kolekole wa maana, goti lake ndio linapumzika kwenye ukingo na mwili wote wa juu uko nje ya boti. Mwenzako akija kukusaidia na kulabu, watu wawili wako upande mmoja, boti inalala. Kile kioo cha mbele nacho kinagawa boti katikati, samaki akizunguka kwenda omo wewe huwezi kumfuata bila kuruka viti. Na zile ndoana! Ndoana ikiingia kwenye kiti cha kushonewa haitoki bila kisu.

Sikuwa na pa kuweka barafu pia. Hilo nitalirudia chini kwa sababu wengi wanalichukulia kama jambo dogo.

Mwaka 2012 tarehe 18 Julai meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja, upepo wa kusi ukiwa umechachamaa. Sisi wa pwani hatujaisahau, kila mtu anamjua mtu aliyempoteza mtu. Ile meli ilijengwa Marekani 1989 kuvusha abiria Puget Sound, kule jimbo la Washington, maji yaliyozungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na kule ilifanya kazi yake miaka mingi. Ikaja kwetu 2011, kwenye mlango bahari ambao mwezi wa saba una mawimbi ya kutoka bahari kuu. Mimi sio mtaalamu wa meli na ajali huwa na sababu zaidi ya moja, ila tangu siku ile kila nikiona chombo najiuliza kilijengwa kwa ajili ya maji gani. Hilo swali ndio lilinifanya niitazame boti yangu kwa macho mengine nikiwa na watoto wawili ndani na kisiwa cha mwisho kimebaki nyuma yetu.

Nikaenda kuongea na mzee mmoja nahodha pale Kunduchi, ameanza bahari enzi za matanga na hata sasa hivi kijana akitaka kujua hali ya kesho anamfuata yeye kwanza kabla ya kufungua simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, hujambo. Naona umekuja bila watoto, una neno."

Nikamweleza nataka kubadilisha boti nichukue ya kuvulia. Hakuniuliza bajeti wala mashine. Aliniuliza nataka kuvua samaki gani, na nitakuwa narudi saa ngapi. La kwanza nililitegemea. La pili nikamuuliza kwanini.

"Kutoka kila mtu anatoka," akaniambia. "Asubuhi bahari imelala, hata sinia litaelea. Nitazame nikuonyeshe. Kusi inatokea wapi? Kule. Kaskazi inatokea wapi? Kule. Zote zinatoka baharini zinakuja nchi kavu. Kwahiyo ukirudi, iwe msimu gani, wimbi liko nyuma yako. Wewe niambie boti yako tezi ikoje, omo utanieleza siku nyingine."

Nimeandika maneno yake karibu kama alivyosema kwa sababu sijawahi kusoma mahali popote ushauri wa kununua boti uliokaa vizuri hivyo kwa pwani yetu. Dar inatazama mashariki. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki kuanzia kama mwezi wa nne wa tano mpaka wa tisa, kaskazi inatoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, katikati kuna matlai, upepo wa mashariki, na zile siku za tanga mbili ambapo upepo haujaamua. Msimu wowote ule mchana upepo unakaza, na mchana ndio saa ya kurudi. Juu ya hapo kuna mkondo unaopanda kaskazini mwaka mzima, kusi ikivuma unaongeza kasi, ukizima mashine ukavua saa moja unajikuta umesogezwa mbali na ulipoanzia. Boti ya kuvulia ya Dar ni boti inayoweza kukimbizwa na wimbi kwa nyuma, imebeba samaki na barafu, na isinywe maji. Nikashika hilo.

Nikaanza kutafuta. Moyo wangu ulianza na mbao, nisiseme uongo. Kuna mafundi Kunduchi, kuna mafundi Bagamoyo, na Nungwi kule Unguja ndio kabisa, unamkuta fundi anapiga mataruma, zile mbavu za chombo, bila mchoro wowote, kipimo ni jicho na shoka, na chombo kinatoka kimenyooka. Mashua ya mbao imekaa majini vizuri kuliko faiba yoyote, ni nzito kwa hiyo hairukiruki, ina mkuku (uti wa chini) wa maana, ukiiacha ielee inatulia mpaka unaweza kumimina chai. Lakini mbao inataka mtu wake. Inataka kupandishwa pwani, kukwanguliwa, kalafati ya pamba ya kuzibia maji irudishwe kwenye viungo, ipakwe, na hiyo si kazi ya mwaka mara moja. Mimi niko ofisini Jumatatu mpaka Ijumaa. Chombo cha mbao kisipotunzwa kinaliwa na wadudu na ingekuwa dhambi kukiozesha chombo ambacho fundi amekitolea jasho. Nikarudi kwenye faiba.

Faiba za kuvulia zipo nyingi kuliko nilivyodhani, na zinauzwa kwa sababu tofauti, mwenyewe amefariki warithi wanagawana, au mashine imekufa na mtu hana hela ya nyingine. Ya kwangu niliipata upande wa Kigamboni kwa jamaa mmoja anayepeleka wageni visiwani, alikuwa ameipokea kama malipo ya deni na haina kazi kwake, futi 24, nyembamba, ukingo mrefu, ndani tupu. Yeye alikuwa anataka viti. Mimi nataka pa kusimama. Nikampigia, kaka habari, nimesikia una faiba na mimi nina boti ya wageni, tuonane. Tukaonana.

Maelewano yenyewe yalichukua wiki kadhaa na sitaki kuyapitisha haraka kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Kwenye kubadilishana, kila mtu anapandisha bei ya chake. Tulichofanya, kila mmoja alikuja na fundi wake, tukatenganisha mwili na mashine, tukapatana bei ya kila kimoja peke yake. Mashine yangu ilikuwa na thamani kubwa kuliko yake, mwili wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, ukijumlisha yeye ndio akawa anatakiwa kuniongezea juu. Tukaandikishana kwa mwanasheria, mashahidi wawili, namba za mashine zote mbili zikaandikwa kwenye karatasi.

Fundi wangu aliikagua ile faiba kwa namna ambayo nataka kila anayenunua boti aijue. Alianza kugonga mwili mzima kwa mpini wa bisibisi, taratibu, sikio karibu. Faiba nzima inalia mlio mkavu, mkali kidogo. Ukifika mahali panalia mlio mfu ujue tabaka zimeachana ndani au mbao iliyo ndani imelowa. Alafu akaenda kwenye ule ubao wa nyuma unaobeba mashine, akauweka mguu wake juu ya mguu wa mashine akabonyeza kwa uzito wote mimi nikiwa natazama maungio. Ubao ukicheza, au ukiona ufa unafunguka na kufunga kwenye kona, mbao ya ndani imeoza na hiyo boti siku moja mashine itachomoka ikiwa inakimbia. Huu haukucheza. Kwenye mashine akapima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda moja moja, akasema kikubwa zisipishane sana, ikizidi asilimia 10 hivi kuna jambo. Akafungua oili ya giaboksi, ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia. Akawasha akatazama kama inakojoa vizuri, yale maji yanayotoka nyuma kama uzi, yakiwa dhaifu pampu ya maji imechoka na mashine itachemka. Pampu ilikuwa imechoka. Tukapunguza kwenye bei, akabadilisha.

Alafu nikaomba tuijaribu mchana. Sio asubuhi. Jamaa wa Kigamboni alishangaa kidogo lakini akakubali, tukatoka saa tisa kusi ikiwa imeamka, tukaenda nje mpaka nikapata yale mawimbi niliyokuwa nayaogopa kwenye boti ya viti. Nikageuza tukaanza kurudi yakiwa nyuma. Nilichokuwa natazama ni kitu kimoja, wimbi likiikuta tezi, tezi inanyanyuka au inangoja? Ilinyanyuka. Kila mara. Boti ndefu nyembamba haizami pua kwenye mgongo wa wimbi la mbele kirahisi kama ile fupi pana, inateleza, unashika usukani wa mkono unasikia bahari yote kwenye kiganja. Kisha nikazima mashine, watu watatu tukasimama upande mmoja kwa makusudi. Ililala kiasi, ikakataa kulala zaidi, ukingo ukiwa umenifika mapajani. Nikamwambia kaka, tumeelewana.

Kuna kitu ilinipunguzia na niseme ukweli kuhusu hicho, starehe ya safari. Tumbo la ile ya viti lilikuwa na pembe kali mbele linakata wimbi, hii tumbo lake limelala zaidi, ukienda dhidi ya upepo inapiga, mgongo unajua. Ndio maana unapunguza mwendo na kusimama magoti yakiwa yamelegea. Kwa upande wa pili ni hilo tumbo lililolala na huo wembamba vinavyoiwezesha kwenda na HP 40 tu. Kwa makadirio ya mafundi mashine ya petroli ukiifungua yote inakula karibu lita 4 kwa saa kwa kila HP 10. Fanya hesabu, 115 ni lita 45 hivi, 40 ni lita 16, hata ukijua hii 40 ni ya stroki mbili na hizo zina uroho zaidi bado pengo ni kubwa sana. Kwa mtu anayetaka kutoka kila wiki hiyo ndio inaamua kama utavua au utaishia kuongelea kuvua. Hii ni ile Yamaha ya 40 unayoiona kila bandari kuanzia Tanga mpaka Mtwara, unachanganya lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na uzuri wake ikizimika hata pale Kimbiji unampata kijana wa kuifungua na spea iko dukani. Ile 115 ilikuwa na kompyuta ndani, ikigoma unasubiri mtu wa kuja na laptop.

Mafuta nagawa mafungu matatu. Moja la kwenda, moja la kurudi, la tatu haliguswi. Mzee wa Kunduchi alilitaja hilo bila hata mimi kumuuliza.

Ile hela niliyoongezewa juu yote imeingia kwenye boti. Deli kubwa la barafu limekaa katikati, sio nyuma, kwa sababu likijaa ni uzito mkubwa kuliko mtu na boti lazima ibaki imekaa sawa. Sakafu imepakwa ile rangi yenye mchanga ili mguu usiteleze. Pampu ya umeme ya ngamani na ndoo pembeni yake, maana pampu inaweza kufa na ndoo haifi. GPS na kifaa cha kuonyesha kina, laifu jaketi za kila mtu na za saizi ya watoto, filimbi, tochi, kioo cha kumulikia, redio ya VHF. Makaratasi pia yanabadilika, boti ya starehe na boti ya uvuvi sio kitu kimoja kwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na ukitaka kuvua unahitaji leseni ya chombo na leseni yako mwenyewe ya uvuvi, anza na afisa uvuvi wa halmashauri yako kabla hujashusha mshipi.

Sasa barafu. Huku kwetu samaki anaharibika ukiwa unamtazama. Wavuvi wengi wanaotoka na vyombo vidogo wanafunika na gunia la maji au majani, na kwa safari fupi inasaidia, lakini jodari ni kesi ya peke yake. Jodari damu yake ina joto kuliko maji anayoogelea, akipigana kwenye mshipi joto linapanda zaidi, ukimlaza juani nyama inaanza kujipika na inatengeneza histamini, mtu anakula anavimba uso, anawashwa, kichwa kinamgonga, na hiyo sumu haiondoki kwa kupika. Kwa hiyo akipanda tu anapigwa rungu kichwani, anachinjwa damu itoke, matumbo yanatolewa, anaingia kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari kidogo ili baridi imguse kila upande. Tunabeba barafu kilo kwa kilo na samaki tunaotegemea. Ukienda Feri pale Magogoni alfajiri, mnadani, angalia dalali anavyofungua mashavu ya samaki na kubonyeza nyama kwa kidole. Samaki wa barafu anauzika kwa bei nyingine kabisa, na mimi sijaenda kushindana na wavuvi, nauza kile kinachozidi nyumbani tu ili kilipe mafuta, lakini nimefurahi sana siku dalali alipoinua nguru wetu akauliza huyu amelala wapi, maana macho bado maangavu.

Siku za kazi sitoki, kwahiyo boti anatoka nayo kijana wa yule mzee na wenzake wawili. Hili nalo ni jambo ambalo ile ya viti isingeweza. Mgao tunafanya kwa desturi ya pale pale, kinatolewa kitoweo cha nyumbani kwa kila baharia kwanza, yanatolewa mafuta na barafu, kinachobaki kinagawanywa baina ya chombo na watu. Kila bandari ina hesabu zake na mimi nimefuata za Kunduchi bila kubishana. Masharti yangu ni hakuna juya (wavu wa kukokota), hakuna kuingia kwenye maeneo tengefu, na laifu jaketi inavaliwa. Wale vijana wamenifundisha kuliko nilivyowafundisha, wananionyesha ndege wakizunguka kwa mbali mahali ambapo mimi naona maji matupu, tukifika tunakuta vibua wanarukaruka juu na kolekole wako chini yao.

Mama watoto alikuwa na lake. Aliniambia Jumapili za Mbudya ndio muda pekee ambao familia nzima hamna anayeshika simu, sasa wewe unatuletea boti ya kunuka samaki. Ni hoja nzito na sikuijibu siku hiyo. Tulichokuja kufanya, tunaiosha vizuri Jumamosi jioni na maji ya limao, tunatandika jamvi, tunafunga turubai kwenye fito nne, na Mbudya tunaenda kama kawaida ila sasa tunachukua na bibi yao ambaye kwenye ile ya futi 19 hakuwa anatosha. Binti yangu mkubwa ameshakuwa hodari wa kurambaza, anashika mshipi kwa kidole kimoja anasikiliza, na siku alipomvuta fulusi wake wa kwanza, yule samaki wa kijani na dhahabu anayebadilika rangi akifika juu, alipiga kelele mpaka ngalawa ya jirani ikapunga mkono. Alikuwa amesimama katikati ya boti, miguu imeachana, tumbo limegusa ukingo, hakuna kiti mbele yake. Mimi nimeshika usukani.

Kwa sasa hatupiti mbali sana na mwamba. Nje kule, kama kilomita 70 mashariki ya Dar, kuna Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo cha matumbawe kimekaa peke yake kwenye maji marefu, ndege wa baharini wamejaa, na wavuvi wanaotoka kule wanakuja na majodari ya kubebwa na watu wawili. Kila mtu ananiuliza lini. Na mashine moja siendi. Nimepata HP 15 yuzdi, imesimama vizuri, fundi anatengeneza kibao cha kuifungia pembeni ya ile 40, hii ndogo iwe na tenki lake na mpira wake wa mafuta peke yake, ili uchafu ukiingia kwenye moja nyingine isijue. Amesema kabla kaskazi haijatulia itakuwa tayari, na yule mzee ameshaniambia nafasi yake ni ya omo.